Kalori Katika Nyumba ya Achille

2 Februari

Mvua imeanza tena alfajiri, na kidonda cha mguu wangu bado hakijafunga. Bénédicte, muuguzi wa dispansere, zahanati ya hapa mtaani, amenionya nisikanyage matope kabisa. "Ugonjwa wa sukari unaanzaka na kidole, Mama Sabine. Kisha unaomba mguu." Mwanangu Achille alikuwa amesimama pale anasikia. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mama, hautatoka mu parsele mpaka mvua iishe."

Mvua ya Uvira huisha mwezi wa tano.

Parsele ni yake, hapa Kimanga: mbele resto anapouzia chakula, nyuma nyumba, katikati jiko. Yangu ilikuwa Mulongwe, na masika iliyopita mto uliingia kwa mlango ukatokea kwa dirisha. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mkono wangu haujasahau kalamu. Ninaandika kwa sababu humu sina wa kuongea naye. Achille yuko na wateja wake. Mkamwana wangu Providence, mwenye mimba ya miezi mitano, hujibu "ndiyo, Mama" na kuondoka kabla sijamaliza neno.

5 Februari

Mvua. Dirisha langu linatazamana na jiko. Kutwa nzima nanusa viazi vinavyokaangwa.

9 Februari

Achille ametundika tablo mpya, ubao wa vyakula, kwenye resto. Zamani, akifanya kazi na shirika moja la misaada, alitumwa Nairobi, na huko akala mahali ambapo kando ya kila chakula pameandikwa kalori zake. Haikumtoka kichwani. Sasa na yeye ameandika: kuku na viazi, 1,150. Hamburga, 780. Sambusa mbili, 400. Bugali na sombe ya majani ya muhogo, 620. Namba zote amezitoa kwenye telefone.

Mpishi wake, Ngendakumana, alisimama mbele ya tablo na kisu mkononi. "Patron, hii kuku ya mu telefone iko sawa na ya kwetu? Ya kwetu inakimbiaka siku yote."

Achille hakucheka. Akasema watu wa mji huu wanakufa kwa mafuta na hawajui, na kwamba mtu akijua anachokula atachagua vizuri.

Wateja wakaanza kuuliza kalori ni kitu gani, na Achille akaniita kutoka chumbani, mimi mwalimu, niwaeleze. Nikasema ni nguvu iliyo ndani ya chakula, kama mafuta yaliyo ndani ya taa. Nilifurahi kuulizwa kitu.

13 Februari

Achille hakutegemea yaliyotokea. Wenye pikipiki wanakuja, wanasoma tablo toka juu hadi chini, kisha wanaagiza penye namba kubwa. Mmoja wao, Osée, alisema kwa sauti hata mimi nikamsikia chumbani: "Kama kalori iko nguvu, minye, Osée, unipe ile ya mingi! Tangu asubuhi niko na chai tupu." Kuku na viazi vimeisha kabla ya saa nane. Askari mmoja mnene wa barabarani wameshampa jina: Elfu Moja Mia Moja na Hamsini.

Lakini wako na wengine. Wasichana wawili wa ofisi, waliokuwa wakija kila mchana kula hamburga, leo walitazama tablo muda mrefu, wakanong'onezana, wakaagiza sambusa moja, wakagawana. Mmoja aliacha nusu yake kwenye karatasi.

Achille alikuja kukaa kitandani kwangu. "Mama, nilifikiri batachagua kidogo."

"Muntu mwenye njaa ukimwonyesha mahali nguvu iko, ataenda wapi?"

Alicheka, nami nikacheka.

18 Februari

Leo Achille alitupeleka dispansere sisi wawili kwa taksi, mimi na Providence. Daktari alimpima Providence, akasema tension yake, presha ya damu, imepanda kidogo, apunguze chumvi na apumzike. Kwangu akasema nimeze vidonge vya sukari kila asubuhi, nile kwa saa zake, nipunguze vitu vitamu. Achille alikuwa anaandika kwenye telefone.

Jioni alichukua chaki akaandika kwenye mlango wa jiko: MAMA 1,200. PROVIDENCE 1,500.

"Daktari amesema chumvi," nikamwambia.

"Amesema kupunguza, Mama. Minye nimesikia."

Tena amefunga stoo kwa kufuli, ufunguo uko kwenye mkanda wake. Anasema ili tusijaribiwe. Sikubishana. Baba yake alianguka mezani akafa mbele ya mwanangu, wakati ule mtoto wa miaka kumi na tano, na tangu siku ile Achille anapoona mtu anakula sana hubadilika sura.

19 Februari

Uji kikombe nusu. Mchana bugali ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, sombe bila mafuta ya mawese. Jioni yai moja. Mvua.

24 Februari

Mvua.

3 Machi

Providence ndiye anayepima. Anajaza kikombe cha unga, kisha anapitisha mgongo wa kisu juu yake ili kisizidi hata punje. Leo niliomba aniongezee mboga tu. Alisema, "Achille atauliza, Mama," akaenda zake.

Nimefundisha watoto wa watu nusu ya umri wangu, na sasa nakatiwa bugali kwa kisu na msichana wa juzi. Namwona mtu mwenye moyo mkavu. Naye jikoni kutwa, nani anajua anakula nini huko ndani?

7 Machi

Dada yangu Florentine amepiga telefone kutoka Sange. Ana chumba, ana ng'ombe mmoja wa maziwa, ana upweke. "Kuya huku, dada. Nani anakufunga?"

Nilimwuliza Achille. "Na kidonda, Mama? Na barabara hii? Mvua ikiisha."

12 Machi

Kidonda kinaanza kufunga. Niliomba kwenda kanisani. "Mvua ikiisha, Mama."

15 Machi

Mezani Achille anauliza, "Leo mumefika ngapi?" Providence anajibu namba. Achille anatikisa kichwa kwa kuridhika, anamshika mkewe bega kwa upole, anarudi kwa wateja. Angekuwa mkali ningejua la kufanya. Ananiletea maji ya moto ya mguu kila jioni, anapiga magoti, anausafisha mwenyewe. Nitamkasirikiaje mtu aliyeshika mguu wangu mikononi?

21 Machi

Leo nimeona jambo.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Ngendakumana alikuwa ametoka kununua mkaa, Achille alikuwa mbele. Nilikwenda jikoni kuomba maji. Providence alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango, amegeuka ukutani, mkono ndani ya ndoo ya unga wa muhogo. Alikuwa anajitia mdomoni unga mkavu. Aliponisikia alishtuka akaficha mkono nyuma ya mgongo, kama mtoto darasani. Midomo yake ilikuwa myeupe, hata nyusi.

Tukatazamana.

"Usimwambie, Mama," akasema. Unga ulimkaba, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

Nilimpa maji. Nikaketi kwenye kigoda, nikamwuliza amekuwa akifanya hivyo tangu lini. Alisema, "Mutoto anacheza mu tumbo usiku, Mama, na minye njaa inaniuma mupaka mugongo. Lakini Achille anaogopa sana. Anasema kama tension inapanda, ataokota maiti mbili. Nikimuona vile, ninashindwa kukula mbele yake."

"Na minye? Ulikuwa unanipimia na kisu."

"Nilikuwa ninakukatia yako sawasawa ili asiseme nimekuzidishia. Yangu ninapunguza, juu namba yake isipite."

Mke mwenye mimba anaiba unga mbichi katika nyumba yake mwenyewe. Nami kwa wiki nyingi nilikaa kwenye dirisha lile nikimhesabia makosa.

22 Machi

Nimempa nusu ya bugali yangu. Alikataa. Nikamkodolea macho ya mwalimu. Akala.

26 Machi

Tumeshazoea. Achille akigeuka, sahani yangu inapita chini ya meza. Providence ameanza kuongea. Amenieleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, kwamba alilelewa na shangazi huko Nyamianda, kwamba hajui mtoto huogeshwa vipi. Nilimwonyesha kwa kutumia boga.

2 Aprili

Mvua siku nzima. Kichwa chepesi.

6 Aprili

Leo nilisimama dirishani, mikono ikatetemeka, nikashika ukuta. Ikapita. Sikumwambia mtu. Vidonge nameza kama nilivyoagizwa.

10 Aprili

Achille ameondoka na gari kwenda kutafuta viazi huko Kamanyola, maana vya hapa vimepanda na vinaoza. Atarudi kesho. Ufunguo amekwenda nao. Alituachia chakula chetu kwenye sahani mbili zilizofunikwa.

13 Aprili

Leo ndiyo napata nguvu ya kuandika. Mengine nayajua kwa sababu Providence amenieleza.

Tarehe 11 mvua ilinyesha milimani tangu asubuhi. Kabla ya mchana mito yote ilikuwa imefura, barabara ya kwenda bondeni imekatika, na Achille akapiga telefone mara moja tu, kwamba yuko upande wa pili wa maji na hawezi kupita. Kisha mtandao ukapotea, umeme ukakatika. Ngendakumana hakufika, kwao Mulongwe maji yalikuwa yameingia ndani. Tulibaki wawili.

Maji ya rangi ya chai ya maziwa yaliingia kwenye parsele kwa chini ya lango. Tulipandisha magodoro juu ya meza. Makaa yote yalilowa. Asubuhi nilikuwa nimemeza vidonge vyangu, nikanywa uji uliobaki, na nusu nilimpa Providence. Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Chakula chote cha nyumba ile, hata ndoo ya unga, kilikuwa ndani ya stoo.

Alasiri nilianza kutoka jasho baridi. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda, maji yakipita chini yangu, nikamwona Providence ana nyuso mbili. Nilitaka kusema "nipe maji" nikasema kitu kingine. Anasema nilimwita kwa jina la marehemu mama yangu. Anasema nilicheka. Kisha kichwa changu kikaanguka kifuani.

Alinipiga mashavu. Aliita majirani, sauti ikamezwa na mvua. Ndipo akakumbuka neno alilolisikia kwa Bénédicte siku daktari alipotupima dispansere: mtu wa sukari akimeza dawa bila kula, sukari yake inaisha mwilini kama moto ulionyimwa kuni, apewe kitu kitamu haraka. Alitafuta nyumba nzima. Achille hakutuachia hata kijiko cha sukari.

Msichana yule, na tumbo lake la miezi saba, alivuka ua maji yakiwa magotini. Alichukua mchi wa kutwangia sombe. Mara ya kwanza aligonga kufuli kwa woga, anasema, kama anayebisha hodi. Halikutikisika. Ndipo akalipiga kwa nguvu zake zote, mara nyingi, huku akilia, hadi misumari ikang'oka kwenye mbao pamoja na kufuli lenyewe.

Ninachokumbuka mimi ni utamu. Fanta, ya moto, inanitiririka shingoni, na mkono umenishika kidevu. "Meza, Mama. Meza. Usiniache peke yangu na hii maji." Nikameza. Baadaye kidogo nikaona uso mmoja.

Akaniletea mikate, nikala. Kisha nikamwambia, "Na weye."

Alitazama mlango wa jiko. Chaki ilikuwa bado iko, maji hayajaifikia. "Weye kwanza," nikasema, "kisha tutaongea na Achille." Akala mikate mitatu amesimama, kisha akaketi kando yangu akala mingine.

Kesho yake maji yalishuka. Kuku waliokuwa kwenye frigo ndani ya stoo wasingengoja umeme. Providence alipata makaa makavu kwa jirani, tukapika wote. Watu wa barabara yetu waliokuwa wamelala juu ya meza na madari walikuja na sahani zao. Hakuna aliyeuliza namba.

14 Aprili

Achille amerudi kwa miguu, gari ameliacha ng'ambo. Alikuwa na matope hadi kifuani. Alitukumbatia wote wawili pamoja. Kisha akaona mlango wa stoo.

"Nani alivunja?"

"Ni minye," Providence akasema. Hakuinamisha macho.

"Juu ya nini? Nilikuwa nimewaachia chakula! Nilifunga juu ya kuwalinda!"

"Mama alikuwa anakufa, Achille."

Akaeleza. Achille alisikiliza akiwa amesimama. Aligeuka kwangu. "Lakini ulikuwa unakula elfu moja mia mbili. Niliangalia. Ilikuwa inatosha."

"Nilikuwa nakula nusu. Nusu ingine ilikuwa inaenda kwa bibi yako, ambaye nilimkuta anakula unga mubichi nyuma ya mulango, sawa mwizi."

Hakuamini. Alimtazama Providence, na Providence hakukanusha.

Alikaa kwenye tope pale pale. "Nilimuona Papa akianguka," akasema. "Kijiko kilikuwa bado mu mukono. Sikutaka kuona hiyo tena."

"Papa wako alikuwa ameacha dawa zake za tension, Achille. Nilimsihi miezi mingi. Haikuwa kijiko." Nikaona hajasogea, nikaendelea, maana nikinyamaza leo sitasema tena. "Uliogopa, na kuogopa haiko zambi. Lakini minye na bibi yako, tangu mwezi wa pili, tuko tunakula woga yako."

Alifunika uso. Nilitamani kumshika kichwa kama zamani. Sikumshika.

17 Aprili

Bénédicte alikuja nyumbani kunipima. Alimketisha Achille akamweleza taratibu: kwa Providence ni chumvi na kupumzika, siyo kushinda njaa, kwangu dawa na chakula huenda pamoja, kimoja kikikosa kingine kinaua. Achille aliuliza maswali mengi. Bénédicte alipoondoka, Achille alichukua kitambaa kibichi akafuta mlango wa jiko. Stoo haina kufuli.

Tablo ya resto imebaki. Alitaka kuitoa, wenye pikipiki wakakataa.

25 Aprili

Mvua. Tunakula wote mezani. Achille haulizi namba tena. Anatazama. Kijiko cha Providence kikiinuka, macho yake yanakifuata hadi mdomoni, na nusu ya njia kijiko kinapunguza mwendo.

3 Mei

Kidonda kimefunga kabisa. Nimetembea hadi barabarani na kurudi. Nililia kidogo, kwa furaha.

11 Mei

Barabara ya Sange imetengenezwa. Florentine alituma gari la mkwewe lililoleta muhogo sokoni, linichukue likirudi. Achille hakupinga. Alibeba mwenyewe mfuko wangu akauweka ndani, akaniwekea vidonge, akaniwekea mikate ya njiani.

Nilikuwa nimeshakaa karibu na dereva. Providence alisimama kwenye lango, mikono juu ya tumbo. "Uende salama, Mama."

"Asubuhi umekula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

Alitazama upande wa resto, halafu chini.

Nikamwambia dereva anishushie mfuko. Alilalamika kwamba nimempotezea wakati, na ana haki. Florentine kwenye telefone alilalamika zaidi. "Mulango ulifunguliwa, na weye mwenyewe unarudi ndani! Basi usiniambie tena kama umefungwa."

Nilikata telefone. Nilirudi chumbani kwangu, nikafungua dirisha, jiko likawa pale pale. Providence alikuja akasimama mlangoni, akasema ningekwenda tu. Kisha akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti langu.

12 Mei

Kuanzia leo Providence anakula nikiwa bega kwa bega naye, nami nakaa upande wa Achille, ili akitazama anione mimi kwanza.

19 Mei

Mvua kidogo. Nadhani ni za mwisho.

29 Mei

Mtoto amezaliwa leo saa nne asubuhi, msichana. Uchungu ulianza jana mchana. Tension ilipanda, ikatutisha, kisha ikashuka. Bénédicte alikuwa amekuja kusaidia hospitalini, akambeba mtoto hadi kwenye mizani, na Achille akaenda nyuma yake, hakuweza kujizuia.

"Kilo mbili na robo tatu?" akauliza.

"Mbili na nusu," Bénédicte akasema. "Mwembamba kidogo, lakini mzima. Unamusikia anavyolia."

Achille aliitazama mizani muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa anangoja nimwambie kwamba si yeye aliyesababisha. Sikuweza kusema hivyo, na sikuweza kusema ni yeye. Nikampokea mtoto nikampeleka kwa mama yake.

Achille alitoka. Nilidhani amekwenda kulia. Alirudi baada ya muda na sufuria iliyofungwa kwa kitenge, bugali na samaki na sombe, amepika mwenyewe maana Ngendakumana alikuwa na wateja. Alijaza sahani. Mkono wake ulisita juu ya sufuria mara moja, nikauona. Akaweka sahani mapajani mwa Providence, akakaa pembeni ya kitanda, akatazama ukuta.

Providence alikula kwa mkono mmoja, mtoto akinyonya upande wa pili. Alikula taratibu, hakuharakisha, hakujificha. Alipomaliza alilamba vidole, akamnyooshea mumewe sahani tupu.

"Ongeza," akasema.